Mdai Asimame Nje ya Mlango

Kuna mambo ambayo watu wa mji wetu wa Bukavu huyanong'ona usiku nyumbani, lakini mchana hawathubutu kuyataja mbele ya watu. Moja la mambo hayo ni deni. Mtu akiugua, majirani huja kumpa pole. Akifiwa, wote hulia pamoja naye. Lakini mwenye deni huona haya hata kumtazama rafiki yake usoni. Na haya hiyo ndiyo silaha kubwa ya wale wanaodai kwa ukali. Wamekwisha kuelewa kwamba mtu aweza kuvumilia njaa, aweza kuvumilia matusi ndani ya nyumba yake, lakini ni vigumu sana kuvumilia kuaibishwa mbele ya wakubwa na wenzake wa kazi. Kwa hiyo humfuata kazini.

Kwanza ni simu. Yalia mara tano, mara kumi, naye mwalimu yuko mbele ya ubao, au muuguzi yuko kando ya kitanda cha mgonjwa. Asipoitika, hupigiwa mkubwa wake, au karani, au hata mlinzi wa lango. Mwisho mdai mwenyewe hufika, husimama uani, na kusema kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Leo twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu. Mdai ana haki gani, na haki hiyo inaishia wapi? Na mdaiwa afanye nini ili kazi yake iwe na amani, bila yeye mwenyewe kuwa mdhulumu wa mali ya mwenziwe?

BENKI ISIYO NA KIBAO

Madeni ni ya namna nyingi. Kuna deni la duka la jirani, aliyekukopesha unga na mafuta mpaka mwisho wa mwezi. Kuna deni la hospitali, la karo ya shule, la kodi ya nyumba. Kuna mkopo wa chama cha akiba, ulioandikwa kwa hati na kuhesabiwa vizuri. Hayo yote yana taabu yake, lakini yana mpaka. Deni linaloleta kilio zaidi ni la yule mkopeshaji asiye na ofisi wala kibao mlangoni, ambaye watu katika Kongo humwita "Banque Lambert". Jina hilo lilikuwa la benki ya kweli ya Brussels, katika Ubelgiji, ambayo iliungana na benki nyingine mwaka 1975. Benki ile haina neno na mambo yetu. Jina lake tu ndilo lililobaki vinywani mwa watu, likawa jina la kukopesha kwa riba kali, nje ya sheria za mabenki.

Mwenye Banque Lambert hatafuti karatasi nyingi. Aweza kuwa mfanyabiashara, aweza kuwa karani mwenzako, aweza hata kuwa mtu mnayepiga magoti pamoja kanisani katika benchi moja. Ukimweleza shida yako jioni, asubuhi fedha ziko mkononi mwako. Hapo ndipo penye utamu wake. Lakini hutaka rahani: hati ya kiwanja, simu, televisheni, na kwa watu wa mshahara, kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Tangu mwaka 2011, Serikali ya Kongo ilipoanza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya mabenki, kadi hiyo imekuwa rahani nyepesi kuliko zote. Siku ya mshahara mdai hutangulia kwenye mashine, huchukua chake, naye mwenye jasho hupewa masalio.

Riba yenyewe haina kipimo kimoja. Husikika 20 kwa mia kila mwezi, na 30, hata 50. Tufanye hesabu kidogo, nanyi wanafunzi chukueni kalamu. Mtu amekopa dola 100 kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi. Akilipa riba tu, bila kupunguza deni lenyewe, hutoa dola 30 kila mwezi. Baada ya miezi 6 amekwisha kutoa dola 180, na bado anadaiwa dola 100 zile zile. Na kama hakulipa kitu, riba ikazaa riba, basi mwisho wa mwezi wa 1 deni ni dola 130, wa 2 ni dola 169, wa 3 ni karibu dola 220, na mwisho wa mwezi wa 6 limepita dola 480. Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Tusiwahukumu upesi wale walioingia katika mtego huo. Wengi hawakukopa kwa anasa. Mtoto alipatwa na homa usiku, au mama alishindwa kutoka hospitali baada ya kujifungua kwa sababu malipo hayajatimia, au shule zilifunguliwa na mkoba wa baba ulikuwa mtupu. Tena katikati ya mwezi wa Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, mabenki ya mji yalifunga milango. Mwalimu aliyekuwa akilipa deni lake kila mwezi bila kukosa alijikuta hana njia ya kuifikia fedha yake mwenyewe. Na mdai wake naye, ambaye pengine ni mama mjane mwenye mtaji mdogo sokoni Kadutu, hakuwa na njia ya kungoja. Mambo ya namna hiyo yatufundisha kwamba kushindwa kulipa si kila mara uovu, wala kudai si kila mara ukatili.

HASARA YA SIMU MOJA

Lakini, hata kama mdai ana haki, kumfuata mtu kazini huleta hasara tatu.

Hasara ya kwanza yampata mdaiwa. Mkubwa wa kazi aliyepigiwa simu mara tatu kwa ajili ya deni lisilomhusu huanza kumtazama mtumishi wake kwa jicho lingine. Kama ni mtunza fedha, atadhaniwa kuwa aweza kuiba. Kama ni mwalimu, wanafunzi watamcheka, na neno lake darasani litapoteza uzito. Yaweza kufika siku akaachishwa kazi, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akifanya vibaya kazi yenyewe.

Hasara ya pili yawapata wasio na kosa. Watoto 50 wameketi darasani, somo la hesabu limekatika, mwalimu yuko nje akijitetea. Wazazi wao hawakukopa kitu. Mgonjwa angojea sindano yake, na muuguzi amejificha chooni akizungumza na mdai kwa sauti ya chini. Je, mgonjwa yule ana deni gani?

Hasara ya tatu yampata mdai mwenyewe, ingawa yeye haioni. Deni hulipwa kwa mshahara, na mshahara hutoka kazini. Anayeiharibu kazi ya mdaiwa wake ni kama mtu achinjaye ng'ombe ambaye angali akimkamua. Ataondoka na nyama ya siku moja, kisha maziwa yatakwisha.

TORATI ILIYASEMA ZAMANI

Wengine wafikiri Maandiko Matakatifu hayana habari za mambo madogo kama haya. Wamekosea. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Mungu awapa Waisraeli amri iliyo wazi kabisa. Anayemkopesha jirani yake asiingie nyumbani mwake kuchukua rahani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amtolee. Tena, kama mdaiwa ni maskini na rahani ni vazi lake, arudishiwe kabla ya jua kutua, apate kujifunika usiku. Na jiwe la kusagia lisichukuliwe rahani kamwe, maana kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu.

Tuyafikiri maneno hayo. Torati haisemi kwamba deni lisilipwe. Haisemi kwamba mdai asije kudai. Yasema kwamba kuna mlango, na mdai asimame nje ya mlango huo. Mtu akiwa na deni bado ana nyumba yake, ana heshima yake, ana chombo chake cha kumpatia chakula. Jiwe la kusagia la siku zile lilikuwa chombo cha kupatia mkate wa kila siku. Katika Bukavu ya leo, jiwe la kusagia ni kazi ya mtu, na kadi inayomfikisha kwenye mshahara wake.

Bwana wetu Yesu Kristu naye alilisema jambo hilo kwa mfano, katika Injili ya Mateo, sura ya 18. Mtumishi mmoja alisamehewa na mfalme wake deni kubwa lisilolipika. Alipotoka tu akamkuta mtumishi mwenziwe aliyekuwa na deni dogo kwake, akamkaba koo. Angalieni ni nani waliokwenda kumwarifu mfalme: ni watumishi wenzao, watu wa kazi moja, walioona na kuhuzunika sana. Kumbe hata katika mfano ule, aibu ya kudaiwa kwa ukali mbele ya wenzake wa kazi ilikuwapo.

Kanisa halikuacha mafundisho hayo. Mwaka 1745 Baba Mtakatifu Benedikto XIV aliwaandikia maaskofu wa Italia barua juu ya riba. Mwaka 1891 Leo XIII, katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, alilalamika kwamba ulafi wa riba uliwaongezea maskini taabu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba wafanyabiashara ambao ulafi wao wa riba huleta njaa na vifo vya ndugu zao hushiriki katika dhambi ya kuua. Si maneno ya kuchezea.

SHERIA ZASEMA NINI?

Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Umoja huo una sheria yake ya kudai madeni, iliyotungwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2023. Tutaje mambo yake makubwa tu.

Mdai ambaye hakulipwa aweza kwenda tribinalini na hati zake kuomba amri ya kulipwa. Amri hiyo hupelekewa mdaiwa, naye aweza kuipinga ikiwa deni si kweli au limezidishwa. Lakini siku za kupinga zimehesabiwa. Anayepokea karatasi hiyo asiitie sandukuni na kusali tu, bali amtafute wakili upesi. Sheria ile ya 1998 ilimruhusu jaji kumwongezea muda mdaiwa aliye na shida ya kweli, muda usiozidi mwaka 1, akitazama pia mahitaji ya mdai. Na kuhusu mshahara, mtu hawezi kuukamata kwa maneno yake mwenyewe. Lazima awe na hati ya kutimiza hukumu, na sheria ya 1998 iliagiza kwanza wajaribu kupatanishwa mbele ya tribinali. Tena Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, huruhusu kukamata sehemu tu ya mshahara wa wafanyakazi walio chini ya sheria hiyo. Sehemu nyingine ni ya chakula cha nyumba.

Basi mwaona: njia ya kuufikia mshahara wa mtu hupita kwa jaji. Haipiti kwa mlinzi wa lango, wala kwa simu ya mkubwa wa shule.

Na polisi? Wengi hutishwa kwa kuambiwa watafungwa. Kongo ilijiunga mwaka 1976 na Mapatano ya Mataifa juu ya haki za raia, na sehemu ya 11 ya mapatano hayo yakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hakuweza kutimiza ahadi ya mkataba. Ni kweli, aliyekopa kwa udanganyifu, kwa jina la uwongo au kwa hati bandia, hilo ni kosa lingine, naye aweza kushtakiwa. Lakini aliyekopa kwa haki akashindwa kwa sababu ya shida si mhalifu. Polisi si wakusanyaji wa madeni.

Kuhusu simu, kanuni ya Kongo ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu ya kulinda habari za mtu binafsi. Nchi jirani zimekwenda mbele zaidi katika jambo hili, kwa maana huko mikopo ya simu imeenea sana. Katika Kenya, wakopeshaji walikuwa wakichukua namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji, kisha wakawapigia wazazi, rafiki na mabwana wa kazi. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni mwezi wa Machi 2022, ikawakataza wakopeshaji hao kutisha, kutukana, kuaibisha, na kuwapigia watu walio katika orodha ya simu ya mkopaji bila ruhusa. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi inayolinda habari za watu huko iliitoza kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Katika Tanzania, Benki Kuu ilitangaza mwezi wa Novemba 2024 orodha ya programu 69 za kukopesha zisizo na leseni, ikazikataza.

Ndugu zetu wengi wa Kivu wanakaa Marekani siku hizi, nao wajue kwamba huko kuna sheria ya mwaka 1977 juu ya kampuni zinazodai kwa niaba ya wengine. Kampuni hiyo ikijua kuwa bwana wa kazi haruhusu mtumishi wake apigiwe simu za namna hiyo kazini, haina ruhusa tena kumpigia huko. Mdaiwa akiandika barua kwamba hataki kupigiwa tena, kampuni lazima iache, isipokuwa kumjulisha kwamba imeacha au kwamba inakwenda tribinalini. Deni lenyewe halifutiki kwa barua hiyo. Kinachokatazwa ni usumbufu tu.

MWENYE DENI AFANYE NINI?

Hapa Bukavu hatuwezi kungojea sheria itende kila kitu, hasa katika siku hizi ambazo kazi za tribinali zimevurugwa na vita. Lakini kuna mambo ambayo mtu mwenye busara aweza kuyafanya mwenyewe.

Kwanza, asikimbie. Anayezima simu, anayebadili njia ya kurudi nyumbani, anayemtuma mtoto aseme "baba hayupo", huyo ndiye anayemleta mdai kazini. Mdai akikosa kumpata mtu nyumbani, atamtafuta mahali anapojua yupo. Na mtoto aliyefundishwa kusema uwongo mlangoni atausema uwongo huo siku moja kwa baba yake mwenyewe. Tangulia kwa mdai kabla hajaja kwako.

Pili, aandike hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari hukua bila habari. Aandike siku aliyokopa, kiasi alichopokea mkononi, riba waliyopatana, na kila franka aliyolipa. Kila akilipa, aombe karatasi yenye sahihi, au alipe mbele ya shahidi. Wala asitie sahihi kwenye karatasi yenye kiasi kikubwa kuliko alichokopa, hata akihimizwa kwa haraka.

Tatu, amwandikie mdai barua fupi, yenye heshima, naye abaki na nakala. Barua yaweza kuwa hivi:

"Mama, mimi Fulani nakiri kwamba nilikopa kwako dola 100, na nimekwisha kulipa dola 40. Mwezi huu sikuweza kulipa kwa sababu mshahara wangu haujafika. Nitalipa dola 10 kila mwisho wa mwezi, kuanzia mwezi ujao. Nakuomba usinipigie simu saa za kazi, wala usimpigie mkubwa wangu, maana deni hili ni langu mimi, si la shule. Utanipata kwa simu kila siku baada ya saa 11 jioni, na Jumamosi nyumbani kwangu. Nakushukuru kwa wema ulionitendea wakati wa shida yangu."

Angalieni, barua hiyo haisemi "niache". Yasema "unipate saa hii na mahali hapa". Mdai mwenye akili atapokea, maana anachotaka ni fedha yake. Kisha mwenye barua atimize alichoandika. Heri kuahidi dola 5 na kuzilipa, kuliko kuahidi 50 na kuleta maneno. Ahadi ni deni, na mwenye deni moja asijiongezee la pili.

Nne, amweleze mkubwa wake wa kazi mapema. Jambo hili ni gumu, twajua. Lakini ni afadhali direkta asikie habari kinywani mwa mwalimu wake, faraghani, kuliko kuisikia kwa kelele uani. Mwalimu aseme tu: "Bwana Direkta, nina deni la nyumbani, ninalilipa kidogo kidogo. Mtu akipiga simu hapa, naomba aambiwe anitafute jioni." Nao wakubwa wa kazi twawasihi waweke desturi moja kwa wote: ofisi haipokei habari za madeni ya watumishi, na mgeni wa namna hiyo hapiti langoni saa za kazi. Neno moja la mkubwa, likisemwa kwa upole, lamaliza simu 20.

Tano, kama mdai hasikii, watafutwe wapatanishi. Katika jimbo letu kila mtaa una shirika lake. Wazee wa shirika hupatanisha mume na mke, hupatanisha majirani juu ya mpaka wa kiwanja; kwa nini wasipatanishe mdai na mdaiwa? Tena kuna Tume ya Haki na Amani. Wapatanishi wawasikilize wote wawili, wapige hesabu upya, waandike makubaliano, na kila upande utie sahihi.

Sita, asikope kwa mmoja ili kumlipa mwingine. Huko ni kuchimba shimo jipya ili kufukia la zamani.

NENO KWA WANAODAI

Nawe mdai, hatukusahau. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29 ya kitabu chake, anawasema vikali wale wanaoubusu mkono wa mkopeshaji kabla ya kupata mkopo, kisha siku ya kulipa huleta visingizio na manung'uniko. Aliyekukopesha wakati wa shida alikutendea wema, na mali yake ina haki. Mjane wa Kadutu aliyetoa mtaji wake ana watoto kama mwalimu yule. Anayekopa harusi ya fahari akijua hatalipa, huyo anaiba, ingawa amevaa suti.

Lakini ewe ndugu unayedai, jiulize mambo mawili. Je, unachodai ni ulichotoa, na faida ya haki, au ni mara nne ya ulichotoa? Na je, wataka kulipwa, au wataka kuonekana una nguvu? Katika siku za Nehemia, watu walikuwa wameweka rahani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na matajiri wa taifa lao wenyewe waliwatoza riba. Nehemia aliwakusanya, akawakaripia, nao wakarudisha. Tazama, hawakuwa wageni walioonea, walikuwa ndugu. Nasi leo, katika mji uliojaa taabu, tusiwe mzigo wa pili juu ya mabega ya ndugu zetu.

MASANDUKU MATATU

Mwisho, tutazame mzizi. Watu hukimbilia Banque Lambert kwa sababu shida huja usiku, na hakuna mlango mwingine ulio wazi. Basi tufungue milango mingine.

Huko Lévis, katika nchi ya Kanada, kulikuwa na Mkatoliki mmoja jina lake Alphonse Desjardins. Mwaka 1897, akifanya kazi bungeni, alisikia habari ya mtu wa Montréal aliyekopa dola 150, kisha akadaiwa riba ya dola 5,000. Desjardins hakuweza kuisahau habari hiyo. Baada ya kujifunza muda mrefu, mwaka 1900 alianzisha pamoja na watu wa mji wake chama cha akiba na mikopo, na maparoko wakakisaidia kuenea. Siku ya kwanza ya kupokea fedha, mwezi wa Januari 1901, walikusanya dola 26 na senti 40 tu. Leo chama hicho ni moja la mashirika makubwa ya fedha katika Kanada.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Mama zetu wanajua likelemba, ambapo kila mmoja hupokea kwa zamu. Na katika Kivu ya Kusini kuna vikundi vingi viitwavyo MUSO, vyenye masanduku ya rangi. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo ya wanachama. Sanduku jekundu ni la msaada wakati wa ugonjwa na msiba. Sanduku la buluu ni la fedha inayotoka nje ya kikundi, ili kuongeza nguvu ya mikopo. Angalieni uzuri wa sanduku jekundu: shida ya usiku hupata jibu bila riba ya kuua, wala mtu hahitaji kutoa kadi yake ya benki. Na anayekopa katika kikundi hicho hudaiwa na watu wanaomjua, siku ya mkutano, ndani ya chumba, kwa daftari. Hafuatwi kazini.

Kila shirika lisilo na kikundi cha namna hiyo lingefaa kuanza, hata kwa franka chache kila Dominika baada ya Misa Takatifu. Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi vijana wa shule, ninyi mnaojua hesabu, saidieni kuandika madaftari ya mama zenu.

Kila siku twasali sala ya Baba Yetu. Katika Injili ya Mateo, neno la Kigiriki tunalolifasiri "makosa" ni neno lenyewe la madeni. Kwa hiyo asubuhi na jioni, mdai na mdaiwa husimama pamoja mbele ya Mungu wakiwa wadaiwa wote wawili. Mwenye deni na alipe, kidogo kidogo, bila uwongo. Mwenye kudai na adai, kwa haki na upole, saa ya jioni, akisimama nje ya mlango. Na darasani, watoto waendelee na somo lao.